Mota Ilipoanza Kugusa Taa za Jirani

Nilipoanza ufundi, mashine za kusaga katika vijiji vya Ushetu zilikuwa za dizeli. Kelele zake zilifika mtaa mzima, lakini nguvu zake zilikuwa za mwenyewe. Hakuna nyumba iliyopungukiwa kitu kwa sababu mwenye mashine amewasha.

Nguzo za umeme za Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, zilibadilisha hali hiyo. Wenye mashine waliuza injini wakanunua mota, na kwenye mialo ya dhahabu wenye makarasha ya kusaga mawe wakafanya vivyo hivyo. Ndipo taa za majirani zilipoanza kufifia kila mota inapowashwa. “Fundi, kwani huyu wa mashine anakula umeme wetu?” mama mmoja mwenye duka aliniuliza.

Ufundi wa wakati ule uliishia kwenye kibao cha mota: kilowati 7.5, volti 400, ampia 15. Hizo ni ampia za mota iliyokwisha kushika mwendo. Ikiwashwa moja kwa moja kutoka kusimama, huvuta mara sita hadi saba, yaani ampia 90 hadi 105, mpaka ishike kasi. Transfoma ya kVA 50 imepimiwa kama ampia 72 tu kwa kila njia ya umeme (fezi).

Stata (kiwashio cha mota) ya aina ya sta-delta ilileta nafuu, kwani hushusha mkondo wa kuwashia hadi theluthi. Nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, hivyo karasha lililojaa mawe haling’oki. Wasagaji wakajifunza kuwasha likiwa tupu, kisha kulilisha.

Kilichonifumbua macho zaidi ni kiwango cha kimataifa IEC 61000-3-3, cha vifaa visivyozidi ampia 16 kwa kila njia. Nilitafuta humo ukomo wa ampia za kuwashia, nikakuta ukomo wa volti: zisishuke ghafla kupita asilimia 4, au 6 na 7 kwa masharti maalumu. Hupimwa kwenye laini ya mfano yenye ukinzani uliopangwa. Kwa hesabu yangu, katika laini hiyo mota yetu ikiwashwa moja kwa moja hushusha volti karibu asilimia 10. Kwa sta-delta, asilimia 3 na kidogo.

Laini ya kijiji ni ndefu, na kadiri unavyoiacha transfoma ndivyo ukinzani unavyopanda. Mota ileile yenye cheti halali cha kiwango hicho itatulia karibu na transfoma na kusumbua nyumba za mwisho. Cheti kimepima mashine pamoja na laini yake ya mfano. Laini ya Ushetu lazima tuipime wenyewe.

Ndiyo maana anayekwenda Kahama kununua mota namwomba aulize mambo mawili dukani: inavuta ampia ngapi ikiwashwa, na inahitaji stata gani. La tatu, umbali kutoka transfoma, tulimalize na shirika la umeme, TANESCO, kabla mota haijapakiwa kwenye gari. Majirani wanaotumia laini hiyo wana haki ya kupata jibu hilo mapema.