Goma: programu ni ya bure, lakini fundi analipwa

Wakaaji wa Goma hawajasahau Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji ikateketeza nyumba pamoja na makaratasi. Shirika linalotunza hati za viwanja au faili za wajane lina sababu ya kuziingiza kwenye kompyuta.

Wengi hutajiwa Alfresco, iliyoanzishwa 2005. Toleo lake la jamii halidai leseni, lakini linahitaji memori nyingi, na umeme wenyewe ni huu tunaoujua. Drupal, kazi ya Mbelgiji Dries Buytaert, ni nyepesi na inasema Kifaransa, ila ilitungwa kwa ajili ya tovuti, si kabati la hati.

Kiongozi aulize kwanza: fundi akihama, faili zitatolewaje? Na nakala ya pili ilale nje ya mji.