Herufi Zenye Maua

Mwaka jana mzee mmoja wa hapa Mabwerebwere aliniletea cheti cha ndoa ya wazazi wake, kimeliwa na mchwa. Nikamchapia nakala kwa kompyuta. Alipoitazama akasema, "Karani, majina ni yao, lakini cheti si chao." Kumbe niliziacha herufi za kichwani, zile zenye maua.

Herufi za namna ile zilikuwa za madini. Risasi, bati na antimoni huyeyushwa pamoja na kumiminwa katika kalibu. Kisha fundi huzipanga moja moja, kinyumenyume. Zama za Malkia Victoria (1837–1901) Waingereza walizipamba kwa majani na vivuli. Kwetu pia misheni zilipiga chapa: huko Unguja gazeti la Msimulizi lilianza mwaka 1888. Baadaye mapambo yalidharauliwa, hata Nicolete Gray alipoyaandikia kitabu mwaka 1938. Siku hizi mafundi huyachora upya kwa kompyuta.

Nikatafuta, nikapata zinazofanana. Mzee aliipokea nakala ya pili kwa mikono miwili, akanyamaza. Basi, ndugu zangu, msichome karatasi za wazee kabla ya kuzitazama vema.