Maji ya Mulongwe yanahitaji mahali pa kungojea

UVIRA, KIVU KUSINI – Msimu wa mvua ukifika, wakaaji wa kando ya mto Mulongwe hawalali vizuri. Hawajasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020: mto ulitoka njia yake, ukabomoa maelfu ya nyumba, ukaua makumi ya watu na kuharibu hata mitambo ya maji ya bomba katika mji ambao tayari unasumbuliwa na kipindupindu.

Mama mmoja muuza ndagala ni kati ya waliojenga tena palepale. Hakurudi kwa sababu haogopi. Alirudi kwa sababu parseli hiyo ndiyo mali yake yote. Ameinua msingi wa nyumba, ameweka mifuko ya mchanga mlangoni, na hakosi salongo ya kuzibua mitaro. Hata hivyo, mvua ikinyesha milimani, bado anafunga vyombo vyake na kuwaamsha watoto.

Shida yake inaanzia juu, si mlangoni kwake. Parseli ya mita 20 kwa 20 ikipata mvua ya milimita 50, inapokea lita 20,000, yaani bidoni 1,000 za lita 20. Pakiwa na miti na shamba la mihogo, sehemu ya maji hayo huingia udongoni na mengine hushuka polepole. Pakifunikwa kwa mabati na simenti, karibu yote yanateremka kwa haraka. Nyumba moja haileti mafuriko, lakini mlima mzima ukijengwa unaleta.

Kila mtu anajikinga peke yake. Anayejenga ukuta anamsukumia jirani maji. Mtaro mpana nao, ukiwa peke yake, unayafikisha mapema zaidi kwa walio chini.

Kinachokosekana ni mahali pa maji kungojea: eneo la wazi lenye tuta na tundu dogo la kutokea. Mvua kubwa ikija, maji yanajaa humo, kisha yanatoka kidogo kidogo. Ndani ya siku moja au mbili panapaswa kukauka, mbu wasipate pa kuzalia, na watoto wakacheze mpira humo wakati wa jua.

Mabwawa hayo yapangwe kwa bonde zima, tangu vijito vya juu mpaka Ziwa Tanganyika. Bwawa lililowekwa bila hesabu linaweza kuachia maji yake saa ileile ambayo kijito kingine kinafika na nguvu zake zote. Tena milima ya Mitumba, inayopanda zaidi ya mita 2,000, inateremsha mawe na matope pamoja na maji. Bila vizuizi vya mawe huko juu, na bila pesa za kuchimbua matope kila mwaka, bwawa litajaa udongo na kuwa kazi bure.

Yule mama ana wasiwasi wake, nao ni wa haki. Bwawa litachukua parseli za nani? Atakayehamishwa atalipwa nini, na kabla au baada ya kubomolewa? Mji umebanwa kati ya mlima na ziwa, na ardhi wazi ni chache. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuandika kwenye ramani viwanja vya juu ambavyo havijajengwa bado, na kuzuia visiuzwe. Leo ni kuzuia uuzaji tu. Vikishajengwa itakuwa kulipa na kuhamisha familia.

Gharama nazo zisiwaangukie walio chini peke yao. Kila anayeezeka bati huko juu anapeleka maji chini, kwa hiyo mchango wake ulingane na ukubwa wa paa lake. Mama wa ndagala ameshalipia misingi miwili kwa ajili ya maji yasiyotoka kwake.