Kisanduku cha mjomba na sauti ya bibi

Mnisamehe kwa kimya cha wiki kadhaa. Leo nina kisa cha Songo Songo, kisiwa ambacho wengi wenu mnakijua kwa neno moja tu: gesi. Ndiyo, gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na tangu 2004 inasafiri kwa bomba hadi Ubungo kuendesha mitambo ya umeme. Lakini leo sina habari ya gesi. Habari yangu ni king'amuzi.

Mjomba wangu ni mvuvi, na ni mtu wa mpira hasa. Akirudi baharini amechoka, hawezi kukesha akisubiri mechi. Basi alijibana, akanunua king'amuzi kile chenye uwezo wa kurekodi. Ndani yake mna diski ngumu, hadidiski kama wanavyoiita mafundi, ndugu yake ile ya kwenye kompyuta. Unabonyeza rimoti, kipindi kinahifadhiwa, unakitazama ukipata nafasi. Wamarekani walianza kuuziwa vidude vya namna hii mwaka 1999. Cha mjomba kilifika kisiwani kwa boti, kimefungwa nailoni tatu kisilowe.

Humo mjomba aliweka hazina yake: mechi ya tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars 3, Uganda 0, siku tuliyorudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Bao la Msuva, penalti ya Nyoni, bao la Aggrey Morris. Majirani waliitazama mpaka wakaikariri.

Mwishoni mwa mwaka ule umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Kisanduku kilipowaka kikaleta maandishi ya Kiingereza kwenye kioo, na chini yake neno OK. Mjomba akafanya kama tunavyofanya sote. Akabonyeza OK. Kumbe maandishi yalikuwa yanasema diski ina hitilafu, je, niifute nianze upya? Ikafutwa yote.

Nilicheka, jamani. Nikamwambia, "Mjomba usihuzunike, mechi ile iko kila mahali." Na kweli, safari iliyofuata nilimpelekea kwenye flashi. Akanunua kisanduku kingine, maisha yakaendelea. Nikadhani tatizo limekwisha.

Mwaka 2022 waandishi wa kituo kimoja cha runinga walifika kisiwani kuwapiga picha wanawake wanaosaka pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa mmoja wao. Habari yenyewe ilikuwa kama dakika mbili na nusu. Bibi anaonekana kashika mti wake wa kuchokolea, khanga imefungwa kiunoni, anaeleza namna ya kulijua shimo la pweza: tazama mlangoni, utaona magamba ya kaa na maganda ya kome aliyokula akayatupa nje. "Pweza mchafu," anasema, "uchafu wake ndio unaomwua." Kisha anamgeukia kijana wa kamera na kumwambia viatu vyake ni vya ofisini, vitamwangusha. Anacheka kicheko chake kile.

Mjomba alirekodi. Mwaka uliofuata bibi akatutoka.

Picha zake za mnato tunazo mbili tatu. Sauti yake hatuna popote, isipokuwa ndani ya kisanduku kile. Jioni wajukuu wakikaa mkekani, mjomba anawasha, bibi anasema habari za pweza, watoto wanacheka pale pa viatu. Kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Nilipowauliza wale wa kituo, ambacho sikitaji, walinijibu kwa upole kwamba picha za wakati ule hazipo. Diski zao zilijaa, zikafutwa kupisha habari mpya. Sikuweza kuwakasirikia. Mimi mwenyewe nimekaa chumba cha habari, na nimefuta mahojiano marefu ya watu ili kadi ya kamera ipate nafasi. Mabibi wa watu wengine nimewafuta kwa mkono wangu.

Haya, sasa ikawa Agosti 2024. Niko kwa mjomba, bibi yuko kwenye kioo, mara picha ikaganda. Ikaendelea, ikaganda tena. Nikasogeza sikio kwenye kisanduku nikasikia tik... tik... tik. Mjomba akasema, "Hicho kina wiki mbili kinafanya hivyo, nadhani ni joto." Moyo ukanilipuka.

Niwaeleze kidogo, maana wengi tunadhani chombo kikiwa kimetulia kabatini kinapumzika. Ndani ya diski ya aina hii mna sahani zinazozunguka, mara nyingi kiasi cha mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi nyembamba mno kuliko unywele. Ving'amuzi vingi vya kurekodi huandika kwenye diski muda wote vikiwa vimewashwa, hata kama hukubonyeza kurekodi, ili uweze kurudisha nyuma matangazo ya moja kwa moja. Yaani diski haina Jumapili. Ongeza joto la kabati lililofungwa, unyevu na chumvi ya pwani, na umeme wa kukatika na kurudi.

Na usisubiri dalili. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Katika zile zilizokufa, zaidi ya asilimia 36 hazikuwa zimetoa onyo hata moja katika kumbukumbu zao za hitilafu. Zilikuwa nzima asubuhi, maiti jioni. Mjomba alibahatika kusikia tik tik.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuifungua diski niichomeke kwenye kompyuta. Halifai. Vipindi vya kulipia huhifadhiwa kwa kufuli, na ufunguo wake ni kisanduku kilekile. Diski ikitoka inakuwa kama sanduku la chuma. Hata waya wa HDMI una kufuli yake. Lakini nyuma ya kisanduku kulikuwa na matundu matatu ya kizamani, la njano, jekundu na jeupe. Kwanza, kwa hofu, niliiweka simu mbele ya runinga nikarekodi hivyo hivyo, majogoo na yote. Nakala mbovu iliyopo ni bora kuliko nzuri unayoingoja. Kisha nikavuka bara, nikatafuta kile kidude kidogo cha kupitisha picha kutoka nyaya zile tatu kwenda kwenye kompyuta, nikarudi. Siku tatu zile nilikataza mtu yeyote asikizime kisanduku wala kukisogeza, maana diski inayougua ikizimwa huenda isiamke. Ikikubali kuwaka, unaanza na kile kisicho na mwenzake.

Tulianza na bibi. Jaribio la kwanza likaganda. La pili likapita lote, mpaka kicheko. Mjomba akaniuliza, "Tutoe na mechi?" Nikamwambia, "Mjomba, mechi wanazo wengi. Bibi tunaye sisi tu."

Maneno hayo yalinitoka bila kuyafikiria, lakini ndiyo yote ninayotaka kusema leo. Diski itakufa, hilo halina mjadala. Kazi yako ni kujua mapema ni kitu gani ndani yake ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho.

Tukapata faili moja. Mjomba akataka kuiweka kwenye flashi, na flashi kwenye droo ya kabati lilelile la runinga. Nikamkumbusha Mei ya mwaka uleule, Kimbunga Hidaya kilipotupitia, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huku Kilwa. Paa likiondoka, kisanduku na droo vinaondoka pamoja. Basi nakala moja ikabaki kwake, moja kwa shangazi Kilwa Masoko, moja ninayo mimi Dar.

Sisi watu wa Kilwa tungepaswa kulijua hili zamani. Historia ya masultani wetu iliandikwa, na andiko la asili limepotea. Tunaisoma leo kwa sababu Mreno João de Barros aliitia kwa kifupi katika kitabu chake cha mwaka 1552, na kwa sababu nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 iko katika Maktaba ya Uingereza, London. Hata hizo mbili hazilingani kila mahali. Lakini zipo, kwa kuwa zilikaa mbali na nyumbani na mbali zenyewe kwa zenyewe.

Kisanduku kilikufa Januari 2025. Mjomba alinipigia simu, sauti tulivu kabisa. "Kimeleta yale maandishi yako ya Kiingereza," akasema. "Nimebonyeza OK." Tukacheka wote wawili.

Sasa, kwa faida ya wenye vidude hivi. Kitoe kabatini kipumue, usiweke kitu juu yake. Kipitishe kwenye stebilaiza. Kisikie kila mwezi, kwa sikio. Kikileta maandishi usiyoyaelewa, usibonyeze kitu, piga picha kwa simu umtumie anayeelewa. Na usiku wa leo pitia orodha ya ulivyorekodi, ujiulize kwa kila kimoja: nani mwingine anacho hiki? Jibu likiwa "hakuna", hapo pana kazi ya kesho asubuhi.

Nilipokwenda tena, watoto walikuwa mkekani kama kawaida. Bibi yupo kwenye simu ya mjomba sasa, kadogo kama kiganja. Akafika pale pa viatu. Wakacheka.

Alamsiki.