Je, Ni Upuuzi Kuiaga Treni?



Wapo watu wanaopenda treni kama wengine wanavyopenda mpira wa miguu. Wanajua kila aina ya behewa, mwaka lilipotengenezwa na mlio wake linapoondoka kituoni. Treni mpya zinapoletwa, watu hao hugawanyika: hawa hushangilia, wale huomboleza. Mpita njia huwacheka wote pamoja. Mimi nimeufuatilia ubishi wao kwa muda, nami nimeona kwamba unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Nitachukua mfano wa mji wa Montreal, nchini Kanada, ambako wanaishi ndugu zetu Wakongomani wengi. Metro ya huko, yaani treni ipitayo chini ya ardhi, ilifunguliwa tarehe 14 Oktoba 1966. Mabehewa yake ya kwanza, 369 kwa jumla, yaliitwa MR-63. Yalikwenda kwa magurudumu ya mpira, kwa ufundi uliotoka Paris. Breki zake zilikuwa na vipande vya mbao vilivyoloweshwa mafuta ya karanga, ndiyo maana abiria wa zamani husimulia harufu ya karanga iliyowapokea vituoni. Tena, kwa kuwa njia zote za metro hiyo zimo ardhini, mabehewa hayo hayakunyeshewa mvua wala kuangukiwa na theluji. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoyafanya yadumu miaka zaidi ya 50.

Tarehe 7 Februari 2016 treni mpya, iitwayo Azur, ilianza kubeba abiria. Mabehewa yake 9 yameunganishwa bila milango ya kuyatenga, hata mtu aweza kutembea toka mwanzo wa treni hadi mwisho wake. Inakaa juu ya mifuko ya hewa, kwa hiyo haitikisi sana, na ina nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Kidogo kidogo ikachukua mahali pa yale ya kale, na tarehe 21 Juni 2018 MR-63 ya mwisho ikaondolewa kazini.

Wapenda treni walipanda yale mabehewa tena na tena kabla ya siku hiyo. Walipiga picha viti na milango, wakarekodi sauti zake. Wenye kuipenda Azur waliwauliza: mnalilia nini? Mzee akiwa na kiti cha magurudumu, au mama akiwa na mtoto na mizigo, hahitaji kumbukumbu zenu, anahitaji nafasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale wengine wakajibu kwa maana ya methali nyingine: usiache mbachao kwa msala upitao. Kitu kilichowabeba watu kila asubuhi kwa nusu karne, walisema, hakistahili kutupwa bila neno la shukrani.

Naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na jambo moja la mji huo lanisaidia kueleza. Mwaka 1976 Montreal ilikuwa imeongeza mabehewa ya aina ya pili, MR-73. Chombo chake cha kudhibiti umeme hupeleka nguvu kwa hatua, ili treni isiruke ghafla inapoondoka, na katika kufanya hivyo hutoa sauti tatu za kupanda, kama mwanzo wa wimbo. Hakuna fundi aliyekusudia muziki. Ni kazi tu iliyokuwa ikilia. Lakini watu walizipenda sauti hizo hata zikawa kama salamu ya mji wao. Mitambo ya Azur haitoi tena mlio huo kwa asili yake. Basi sauti zile tatu ziliwekwa ndani yake makusudi, nazo husikika kuwaonya abiria kwamba milango inafungwa.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa na kufikiri. Hawakuyalazimisha mabehewa yaliyochoka yaendelee kubeba watu kwa sababu ya mapenzi. Mengi yalivunjwa ili chuma chake kitumike tena, na machache yakatafutiwa matumizi mengine. Hata hivyo kilichopendwa cha zama zile kilipewa kazi mpya, kazi yenye faida, ndani ya treni iliyofuata. Mpwa wangu anayeishi huko alinitumia video fupi ya Azur, nami nikazisikia sauti zile tatu kwa simu, mimi ambaye sijafika Montreal. Yeye hakuwa na habari ya asili yake. Kwake ni sauti ya kwenda kazini tu.

Mimi nimo katika miaka yangu ya hamsini, na kazi yangu ni kuwaandaa walimu watakaoshika chaki baada yangu. Baadhi yao wanafundisha kwa njia ambazo sikuzijua, na watoto wanawaelewa vizuri. Siwaombi wanifuate katika kila jambo. Desturi nyingine zangu zafaa kustaafu pamoja nami. Lakini nawauliza kila mwaka: katika yale mliyopokea kwetu, lipi bado linawalinda watoto? Hilo mlitafutie mahali katika kazi yenu mpya.

Nanyi vijana, katika kundi lenu, mtapokea kesho madaftari, ngoma na funguo za chumba cha mkutano kutoka kwa waliowatangulia. Badilisheni bila hofu kilichochakaa. Kabla ya kufanya hivyo, ketini siku moja na wanaoondoka, muwaulize ni nini wangehuzunika kukiona kinapotea. Sikilizeni jibu lao hadi mwisho, kisha mwamue wenyewe.