Barua Zetu Zilale Wapi?

Sisi tunaowasimamia walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha tumezoea kuzipokea habari zao kwa barua. Zamani zilifika Posta ya Shangani. Tulifungua sanduku, tukazitia mkobani na kuzichukua nyumbani Malindi. Siku hizi aghalabu huja kwa barua pepe, nasi huzisoma usiku katika kompyuta ya nyumbani, watoto wakisha kulala. Kwa hiyo kuchagua programu ya kuzipokelea na kuzihifadhia si kazi ya mafundi peke yao. Kunamhusu mwalimu kama kunavyomhusu kuchagua kabati la madaftari.

Uchaguzi wetu wa kwanza tuliufanya kwa pupa. Tulitaka programu nyepesi yenye sura ya kupendeza, na kijana aliyetuwekea alisema, "Maalim, hii itakufaa, wala usijishughulishe na mambo ya ndani." Tukaridhika. Kumbe mambo ya ndani ndiyo yaliyokuwa na maana. Programu ile ilifuata utaratibu uitwao POP, nayo ilikuwa imeamriwa izichukue barua kutoka katika seva kisha izifute huko. Ni sawasawa na kwenda Posta, kulikomba sanduku na kuondoka. Barua zote zikawa katika diski moja, chini ya dirisha lielekealo bahari.

Hata hivyo tusiudharau utaratibu huo, kwani uliwahi kutufaa. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari, na hitilafu ilipotokea mwezi wa Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Jirani alipowasha jenereta kwa saa moja, nasi tuliwasha kompyuta, tukazisoma barua zetu bila ya kuhitaji mtandao, tukaandika majibu na kuyaacha yakingoja. Mwenzetu mmoja aliyezoea kuzisoma zake mtandaoni tu hakuwa na hata moja ya kuifungua.

Miaka michache baadaye diski yetu ikafa, ama kwa chumvi ama kwa uzee. Zilipotea pamoja nayo barua za mwalimu mwanafunzi mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu katika skuli ya shamba, kusini mwa kisiwa. Kila Ijumaa alituandikia. Katika mojawapo alieleza jinsi darasa lilivyoshindwa na sehemu kwa wiki mbili, hata siku alipoiacha chaki, akaja na mkate wa kumimina na kuukata mbele yao. Na jinsi mtoto aliyekuwa hasemi kabisa alivyosimama kudai kwamba robo mbili alizopewa mwenziwe ni nusu nzima. Tulikusudia kuzifanya barua hizo somo kwa wanachuo waliofuata. Tulipomwomba nakala alijibu kwa adabu kwamba anwani ile ameiacha, na neno la siri amelisahau.

Tulipochagua mara ya pili hatukuitazama sura. Tulitafuta programu ifuatayo utaratibu wa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986: barua hubaki katika seva, na programu huweza kuweka nakala nyumbani. Tuliichukua Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitolewa na Mozilla mwezi wa Desemba 2004. Haiuzwi, na huweka nakala kamili za kusomwa mtandao ukikatika. Lililotuvuta zaidi ni kwamba, kwa kawaida yake, huziweka barua katika mafaili ya maandishi matupu, ambayo programu nyingine zaweza kuyasoma. Hili si jambo dogo, kwa kuwa programu nazo hufa. Eudora, iliyotungwa na Steve Dorner mwaka 1988, ilipendwa na watu wengi sana, nayo leo haitengenezwi tena. Programu ya barua iliyokuja pamoja na Windows, Microsoft iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2024.

Lakini IMAP si hirizi. Barua ukiifuta nyumbani, hufutika na kule kwenye seva. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunalinakili folda zima katika diski ya pembeni na kuitia kabatini.

Mwaka uliopita tulilifikisha jambo hili darasani. Hatukuhutubia. Tuliukata mtandao wa chumba, tukawaomba wanachuo wazifungue barua zao za mazoezi. Wachache waliweza. Kisha tukawauliza hao wachache: je, na mashine hii ikiungua usiku wa leo? Kimya. Mmoja akanyoosha simu yake juu, kioo kimepasuka pande mbili, akasema, "Maalim, mimi zangu zote zimo humu."