Tairi zisizo na tyubu kwenye barabara ya Garissa

Niko Kithyoko. Mliokuja kusoma habari za programu, leo mtanivumilia, nazungumzia baiskeli. (Ile makala ya hifadhidata inakuja, sijasahau.)

Nikipata wikendi huwa natoka Thika kwa baiskeli ya mbio kuja nyumbani kwa mama, napitia Matuu. Lami si mbaya, ila kandokando kumejaa miiba ya migunga, na lori likikusukuma nje ya lami unajua kitakachofuata. Nilichoka kubandika viraka, nikahamia tairi zisizo na tyubu.

Si kitu kipya. Hutchinson na Shimano walizileta kwa baiskeli za barabarani mwaka 2006, na Continental wakatoa GP 5000 TL mwaka 2018. Tairi yenyewe inabana ringi, ringi inazibwa kwa utepe, na ndani unamimina silanti, maji mazito yenye utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unayasukuma kwenye tundu, yanaganda hapo.

Kasi? Sikuona tofauti, na vipimo vya maabara huonyesha tyubu nyembamba za latex zinakaribiana nazo sana. Raha yake iko kwenye upepo. Kwa tyubu nilikuwa najaza psi 95, kwa sababu tyubu ikibanwa kati ya shimo na ringi inapasuka. Sasa, kwa tairi ya milimita 28, najaza 65 na mikono haifi ganzi. (Kama ringi yako ni ya aina isiyo na ndoano, usizidishe psi 72.5.)

Miezi mitano sikuwa na pancha hata moja. Nikaanza kuringa.

Halafu Jumamosi moja jioni, dawa za presha za mama zikiwa mfukoni, nikasikia nyuma ssss. Nikangoja yale maji meupe yatoke. Hakuna. Joto la huku lilikuwa limeshayakausha, nami sikuwahi kuongeza hata tone. Tyubu ya akiba ninayo, lakini tairi ilikuwa imebana ringi hivi kwamba vijiti vyangu viwili vya plastiki vilivunjika. Nikasukuma baiskeli gizani, malori yakinipita karibu kabisa.

Sokoni nikamkuta fundi, mzee wa kutengeneza Black Mamba, akifunga. Alinibandulia tairi kwa vyuma vyake, akapapasa ndani, akatoa miiba tisa. Tisa! "Kijana wangu," akasema, "hii tairi imekuwa ikikuficha."

Nilicheka, lakini iliniuma, maana kazini ndicho ninachowakataza wenzangu kila siku: kumeza hitilafu bila kuandika kwenye logi.

Mama alimeza dawa saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwani matatu ziliisha?"

Nyuma, ambako miiba huingia zaidi, nimerudisha tyubu, kitu ninachoweza kukiziba mwenyewe hata gizani. Mbele nimeacha bila, kwa ajili ya mikono. Kila mwanzo wa mwezi nafungua kiini cha valvu, nachovya kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, naangalia kama kimelowa. Na vyuma viwili nimenunua.

Dawa za mama sasa zinapanda matatu siku ya Ijumaa.